Kupima mkono wako kwenye sanamu la mazoezi kabla ya raidi

Kundi la raidi, pambano la wachezaji wengi pamoja dhidi ya adui mkuu (bosi), limeangushwa mara ya sita na bosi yuleyule, safari hii akiwa amebakiwa na asilimia 4 ya uhai. Kwenye Discord kimya. Inasikika feni ya mtu na bodaboda inayopita nje kwake Buzuruga, Mwanza. Kisha kiongozi anasema, "Jamani, dameji haitoshi." Haitoshi ya nani? Na kwa sababu gani?

Mita ya raidi, inayohesabu dameji (madhara ambayo kila mchezaji anampa adui), haina jibu safi. Namba unayoiona pale imechanganya ustadi wa vidole vyako, gia (silaha na mavazi ya mhusika), nguvu ulizowekewa na wenzako, muda uliopoteza kukimbia moto, intaneti ya usiku huo na bahati ya kriti, yaani mapigo yanayotoka na makali ya ziada. Sanamu la mazoezi, au dami kama wengi wanavyoliita, lipo ili kutenganisha mchanganyiko huo. Ni kama mizani ya dagaa pale Mwaloni Kirumba: kabla ya kupakia mzigo mshale unarudishwa kwenye sifuri na uzito wa ndoo unatolewa. Ukiruka hatua hiyo utasoma namba, ila hutajua umepima dagaa au ndoo.

Wachezaji wengi hulitumia sanamu vibaya. Wanapiga mara moja, wanapata namba nzuri, wanapiga picha ya skrini na kuitupia kwenye grupu. Hiyo ni picha ya bahati.

Sanamu lipi, la mchezo upi

The Elder Scrolls Online ina masanamu yanayofaa kuliko michezo mingi, ndiyo maana mifano mingi hapa inatoka huko. Masanamu yake huwekwa ndani ya nyumba za wachezaji. Kuna kiunzi cha mifupa chenye uhai wa 3,000,000, kingine cha 6,000,000, na lile pande la chuma liitwalo Target Iron Atronach, Trial, lenye 21,000,000. Tofauti yao si ukubwa tu. Viunzi vya mifupa havikupi kitu, unapiga kwa nguvu zako mwenyewe. Lile la chuma linakupa nguvu karibu zote ambazo kundi kamili la watu 12 lingekuwekea, na lenyewe linajivika hujuma (athari za kumdhoofisha adui) ambazo wenzako wangembandika bosi, ikiwemo kupunguziwa ulinzi. Kama huna nyumba wala sanamu, gildi nyingi, yaani vyama vya wachezaji, zina nyumba ya mazoezi: fungua orodha ya wanachama, bofya jina la mwenye nyumba, chagua kutembelea makazi yake.

Hesabu kidogo itakuonyesha kwa nini ukubwa una maana. Ukipiga dameji 70,000 kwa sekunde, sanamu la milioni 21 linaanguka baada ya sekunde 300, yaani dakika 5, urefu unaokaribiana na pambano halisi la bosi. Ukipiga 100,000 ni sekunde 210. Sasa chukua kiunzi cha milioni 3 ambacho, bila nguvu za kundi, unakipiga 30,000 kwa sekunde: kimekwisha ndani ya sekunde 100. Katika muda mfupi hivyo, altimeti (pigo kubwa linalojazwa polepole) uliyoingia nayo ikiwa imejaa na dawa uliyokunywa mwanzoni vinabeba sehemu kubwa mno ya namba. Kiunzi kidogo ni cha kufundishia vidole mpangilio mpya. Cha kupimia ni kikubwa.

Kuna faida nyingine: masanamu haya hufa. Skili za kumalizia, zile zinazoongezeka makali adui akishuka chini ya robo ya uhai au karibu na hapo, hupata nafasi yake. Kwenye sanamu lisiloshuka uhai sehemu hiyo ya pambano hutaigusa kabisa, na ndiyo sehemu ambayo kundi letu la mfano limefia.

Final Fantasy XIV inakuja na njia yake, Stone, Sky, Sea. Unachagua pambano unalolilenga, sanamu linapewa uhai unaolingana na kazi (aina ya mpiganaji) ya mhusika wako, nawe una dakika 3 za kulivunja. Masharti ya mchezo huo hayaruhusu programu za nje, mita za dameji zikiwemo, kwa hiyo jibu ni limevunjika au limebaki na asilimia kadhaa. Andika hiyo asilimia, na rekodi skrini yako ili uhesabu baadaye.

Guild Wars 2 ina uwanja unaoitwa Special Forces Training Area, unaouingia kupitia Lion's Arch Aerodrome. Mle unaita golem na kumpangia kila kitu mwenyewe: kiasi cha uhai, nguvu utakazopewa, hujuma atakazokuwa nazo. Uhuru huo ndio mtego wenyewe. Leo umeweka Vulnerability 25, yaani tabaka 25 za hujuma inayomfanya aumie zaidi, kesho umesahau, halafu unashangaa mkono umezeeka ghafla. Andika mpangilio kwenye karatasi na uufuate kila mara.

World of Warcraft ina masanamu hadharani, Stormwind na Orgrimmar kwa mfano, na shida yake ndiyo hiyo hadharani. Mchezaji wa aina ya Demon Hunter akija kupiga sanamu lako, anambandika hujuma inayoongeza dameji ya kichawi ya kila anayepiga hapo. Monk naye hufanya hivyo kwa mapigo ya mwili. Namba yako inapanda na hujafanya kitu. Tafuta lisilo na mtu. Kuhusu Bloodlust, inayokuongezea kasi kwa asilimia 30 kwa sekunde 40 na kukuacha usiweze kuipata tena kwa dakika 10, amua mara moja: ama kila jaribio liwe nayo, ama lisiwe nayo hata moja. Na ukitaka kujua dari la gia yako liko wapi, programu ya SimulationCraft hupiga hesabu ya pambano la takriban sekunde 300 maelfu ya mara na kukupa wastani. Mchezaji wa kompyuta huyo hachoki wala hapigi chafya, kwa hiyo lichukulie kama dari, usilifanye deni.

Kurudisha mshale kwenye sifuri

Hapa ndipo mchezaji wa Mwanza anatofautiana na wa Ulaya, kwa hiyo tukae kidogo.

Seva za michezo hii hazipo Afrika Mashariki. Wengi wetu tunacheza kwenye seva za Ulaya. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mwanza hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa njia ya ndege, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 60 na ushee ambazo hakuna kifurushi kitakachozipunguza. Na kebo haipiti angani. Inashuka hadi pwani, inazama baharini, inapanda na Bahari ya Shamu. Ukiona pingi (muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi) ya milisekunde 150 hadi 200 na zaidi, usikimbilie kubadilisha laini. Huo ndio umbali.

Kinachoharibu kipimo ni pingi inayorukaruka. Milisekunde 180 zilizotulia vidole huzizoea baada ya wiki. Pingi inayotoka 140 kwenda 400 na kurudi haizoeleki, kwa sababu kila skili inatoka kwa wakati wake. Washa kiashiria cha pingi ndani ya mchezo wenyewe na ukitazame dakika 2 kabla ya kuanza. Usitegemee kupima kwa anwani ya 8.8.8.8 kama wengi wanavyofanya. Anwani hiyo hujibiwa na kituo kilicho karibu na wewe kimtandao, kwa hiyo inaweza kukupa namba ndogo ya kupendeza wakati njia ya kwenda kwenye seva ya mchezo imeziba.

Pima saa za raidi. Kundi linaloanza saa mbili usiku ya Ulaya ya kati, kwetu ni saa 3 usiku wakati wa kiangazi chao na saa 4 usiku wakati wa baridi yao. Muda huo nyumba nzima iko mtandaoni, jirani anatazama mpira kwa intaneti, na wadogo zako wanashusha video. Ukipima saa 11 alfajiri mji umelala, utapata namba ya mtu mwingine. Tumia waya kutoka kwenye ruta badala ya Wi-Fi kama unaweza. Gharama ya data isikutishe: kucheza kwenyewe kunakula makumi ya megabaiti kwa saa. Vinavyomaliza bando ni masasisho, kwa hiyo yashushe mapema.

Halafu mashine. Laptopu nyingi hupunguza kasi pale zinapotoka kwenye umeme na kuingia kwenye betri. Umeme ukikatika katikati ya jaribio na laptopu ikaendelea, jaribio hilo futa, hata kama namba imetoka nzuri. UPS ndogo ya ruta, ruta nyingi za nyumbani zikiwa za volti 12, hukuepusha na kukatwa kwenye seva; hakikisha tu volti na plagi vinalingana na vya ruta yako. Joto nalo ni adui: kichakataji kikichemka kinajipunguza chenyewe, na jaribio la tano litakuwa la chini kuliko la kwanza bila kosa la vidole. Inua laptopu nyuma kwa vitabu viwili. Kwa wanaokaa karibu na maji, Capri Point au Kirumba, misimu ile wadudu wa ziwani wanapojaa kama moshi, usicheze usiku dirisha likiwa wazi na taa ikiwaka. Wanafuata mwanga, feni inawavuta, na baada ya mwezi kipoozeo kimejaa tope la mabawa.

Weka kikomo cha fremu (picha kwa sekunde) kilekile utakachotumia kwenye raidi. Nyumba tupu yenye sanamu moja itakupa fremu 90. Raidi yenye watu 12 wakirusha mioto inaweza kukushusha hadi 35. Ukifunga fremu 60 na kupunguza madoido ya chembechembe kote kuwili, unakuwa umepunguza tofauti moja kati ya chumba na uwanja.

Jaribio lenyewe

Kwanza andaa mhusika kama unayeingia raidi kweli. Kula chakula chake na uhakikishe muda wake unatosha majaribio yote, tengeneza gia, jaza dawa, weka sumu au uchawi wa silaha. Chakula kinachoisha katikati ya jaribio la tatu ndicho chanzo cha "mbona leo niko chini" nyingi sana.

Kisha safisha mita. Kwenye Elder Scrolls ya kompyuta watu hutumia nyongeza ya Combat Metrics, kwenye Guild Wars 2 ArcDPS, kwenye World of Warcraft mita ya dameji pamoja na amri ya /combatlog inayoandika logi (kumbukumbu ya pambano) kwenye faili. Chochote utakachotumia, hakikisha kila jaribio linahesabiwa peke yake. Mita ikiunganisha majaribio mawili pamoja na dakika moja ya kusimama katikati, wastani unaopata hauna maana.

Piga raundi 2 za kupasha vidole moto, usizihesabu. Baada ya hapo piga 7 za kuhesabu. Katika kila raundi anza na hali ileile: altimeti imejaa au tupu, chagua moja, muda wa kupoa wa skili zote umeisha, umesimama sehemu ileile. Subiri dakika 1 au 2 kati ya raundi, mashine ipoe na kiganja kilegee. Usiache raundi njiani kwa sababu umeanza vibaya. Ukifuta mbaya na kubakiza nzuri, unajidanganya na mtu wa kukusahihisha hayupo. Raundi ya kufuta ni ile iliyoharibiwa na kitu cha nje: umeme, mtandao kukatika, mtu kupiga sanamu lako.

Tuseme umepata hizi, kwa maelfu: 71.2, 69.8, 73.5, 70.4, 68.1, 72.0, 70.9. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue ya katikati, ambayo ni 70.9. Hiyo ndiyo namba yako. Ile 73.5 ni kriti zilizokubali. Usiiandike kwenye grupu kama ndiyo wewe. Tazama pia upana: kutoka 68.1 hadi 73.5 ni 5.4. Kesho ukibadilisha pete moja na namba ya katikati ikawa 71.5, bado hujathibitisha kitu, maana badiliko la 0.6 limo ndani kabisa ya mtikisiko wako wa kawaida. Watu huuza gia nzuri kwa makosa ya namna hii. Ukitaka kupima mabadiliko madogo, ongeza raundi hadi 15 au 20 kwa kila upande, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati.

Kusoma ripoti, mahali ambapo kazi iko

Namba ya jumla inakuambia umepungukiwa. Haikuambii wapi. Fungua ripoti kamili ya ile raundi ya katikati, siyo ya ile bora, na uhesabu vitu vinne.

Cha kwanza ni idadi ya skili ulizotoa. Kwenye Elder Scrolls nafasi kati ya skili na skili ni sekunde 1, kwa hiyo sekunde 300 zina nafasi zisizozidi 300. Ripoti ikisema umetoa 262, umepoteza 38, karibu asilimia 13 ya pambano ukiwa umesimama tu. Gawanya 300 kwa 262: kila skili imekuchukua sekunde 1.145, yaani umechelewa milisekunde 145 kwa wastani kila mara. Hapa ndipo utajua mkosaji. Kama uchelewaji umesambaa sawasawa kwenye skili zote, pengine ni pingi, au unasubiri kuona skili imetoka ndiyo ubonyeze inayofuata. Usisubiri. Mchezo unapokea amri inayofuata kabla ya nafasi kufunguka, kwa hiyo bonyeza mapema kidogo. World of Warcraft ina kitu hichohicho, dirisha la kupanga foleni la milisekunde 400 kwa chaguo la kawaida, linaloweza kubadilishwa kwa amri ya SpellQueueWindow. Mwenye pingi ya Mwanza hana sababu ya kulipunguza. Lakini kama uchelewaji umekusanyika sehemu moja, tuseme kila unapobadilisha silaha, huo si mtandao. Ni kidole.

Kwenye Final Fantasy XIV mambo ni tofauti kidogo. Nafasi ni sekunde 2.5 kwa kawaida, na katikati yake unaingiza skili za papo kwa papo. Kila moja ina muda wa kufungiwa ambao pingi huuongeza, kwa hiyo mwenye milisekunde 200 akiingiza mbili mara nyingi anaichelewesha skili kuu inayofuata. Angalia rekodi yako: duara la skili kuu likiwa limeshajaa huku bado unamalizia ile ya pili, gawanya hizo mbili katika nafasi mbili tofauti.

Cha pili, skili za kuunguza polepole. Skili inayodumu sekunde 20 inahitaji kutolewa mara 15 katika sekunde 300. Ukiitoa mara 12, imewaka sekunde 240, yaani asilimia 80, na wachezaji wengi wangekuambia "mbona naiweka kila mara". Ndiyo, ila kila mara unachelewa sekunde 5. Ukiitoa mara 19 umekosea upande wa pili: unaiwasha upya kabla haijazimika, na kila moja ya zile nne za ziada ingekuwa skili ya kupiga moja kwa moja. Mita nyingi huonyesha asilimia ya muda ambao skili imekuwa hai, lakini asilimia peke yake huficha kosa hili la pili, kwa sababu anayerudia kabla ya wakati atasoma asilimia 99 na kujiona fundi. Linganisha asilimia na idadi.

Cha tatu, vitu vyenye muda mrefu wa kupoa. Dawa ya Elder Scrolls inanyweka kila sekunde 45. Ukiinywa mwanzoni, katika sekunde 300 zinaingia 7. Ripoti ikionyesha 5, umeziacha mbili kwenye mfuko. Altimeti vivyo hivyo: hifadhi ya nguvu zake ina kikomo cha 500, na ukikaa umejaa unamwaga.

Cha nne, mapigo mepesi kati ya skili. Kwa bildi (mipangilio ya skili na gia) nyingi idadi yake inapaswa kukaribia idadi ya skili. Ukiwa na skili 262 na mapigo mepesi 190, kuna 72 ulizobonyeza skili kabla pigo halijaandikwa. Hapo si kuongeza kasi, ni kuipunguza: pigo, kisha skili, kwa mdundo mmoja. Ngoma ya saa, siyo mvua ya mabati.

Rekebisha kosa moja kwa wiki. Ukijaribu manne kwa pamoja, vidole vinasahau hata vilichokuwa vinajua.

Namba ya sanamu haifiki raidi nzima

Sasa ingia raidi, pata logi ya bosi mmoja, na ulinganishe. Tuseme kwenye sanamu uko 71,000 na kwa bosi umetoka na 52,000. Uwiano ni asilimia 73. Usikate tamaa bado, ugawe huo upungufu.

Tafuta kwanza muda uliokuwa unapiga kweli. Kama bosi ameruka hewani, amejifunika ngao, au wewe umekufa, na ripoti inasema ulikuwa kazini asilimia 84 ya muda, basi 71,000 mara 0.84 ni takriban 59,600. Hiyo elfu kumi na moja ya kwanza imekwenda na pambano lenyewe, ila zile sekunde za kuwa maiti ni zako.

Kutoka 59,600 hadi 52,000 kumebaki 7,600. Hapa angalia nguvu za kundi. Sanamu la chuma lilikupa kila kitu bila kukosa. Kundi lako huenda halina mtu wa kuleta nguvu fulani, au analeta nusu ya muda. Linganisha orodha ya nguvu kwenye ripoti mbili, mstari kwa mstari. Zikikosekana, mpelekee kiongozi orodha, kwa adabu, faraghani. Kumwambia tanki, yule anayemkabili bosi na kuwakinga wenzake, mbele ya watu 12 kwamba "ndugu, hujuma yako iko asilimia 50" ni njia ya haraka ya kutafutiwa mbadala. Kama nguvu zilikuwepo zote, basi hizo 7,600 ni mpangilio wako uliovurugika ulipoanza kukimbia, na dawa yake inafuata.

Uwiano wa asilimia 73 unaweza kuwa mzuri kwa bosi wa kukimbizana na mbaya kwa bosi anayesimama. Kwa hiyo ulinganishe na wewe mwenyewe kwa bosi yuleyule wiki iliyopita, au na mwenzako mwenye mhusika wa darasa (aina) lilelile usiku uleule.

Kuliongezea sanamu vurugu

Sanamu halikupigi, halipigi kelele, halikuwekei moto chini ya miguu. Vitu hivyo utavileta wewe.

Anza na miguu. Weka simu ilie kila sekunde 15. Ikilia, sogea hatua tano kulia bila kuacha kupiga. Ikilia tena, rudi. Kwa anayetumia skili za kusimama na kuvuta pumzi, zinazotaka usubiri kabla hazijatoka, lengo ni kupanga zile za papo hapo ziangukie wakati wa kutembea. Raundi 5 za hivyo, namba ya katikati, linganisha na ya kusimama. Ukishuka kutoka 70.9 hadi 66 ni kawaida. Ukishuka hadi 55, mpangilio wako umekaririwa kama shairi la shule: ukikatizwa mstari wa tatu unaanza upya.

Hapo fanya zoezi la kukatizwa. Kila dakika acha kupiga kwa sekunde 8, kama bosi ameruka, kisha endelea. Usianze na ufunguzi wako wa siku zote. Tazama zipi zimezimika, washa zile zinazodumu muda mrefu kwanza, halafu zilizobaki. Mtu akilimudu hili, raidi inabadilika kabisa.

Mwisho masikio. Rekodi sauti ya raidi ya wiki hii, kwa ruhusa ya wenzako, na uicheze huku unapiga sanamu. "Gawanyikeni! Kushoto, kushoto! Nani kafa?" Kila ukisikia agizo, litii kwa miguu. Mara ya kwanza utajikuta umesimama ukisikiliza, mikono imeganda. Ndivyo ulivyokuwa ukifanya ndani ya raidi bila kujua.

Kwa tanki na waganga, sanamu lina kazi ndogo zaidi. Tanki alitumie kupima kama hujuma zake zinakaa muda wote bila kuishiwa nguvu kwa dakika 5. Mganga apime vivyo hivyo nguvu anazogawa na akiba yake, kwa kuwa sanamu halijeruhi mtu na uponyaji wake hautapimika hapo.

Rudia majaribio 7 kila baada ya wiki mbili, au ukibadilisha seti nzima ya gia. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa, pingi, sanamu lipi, bildi ipi, namba ya katikati, ndogo na kubwa. Na sasisho kubwa la mchezo likibadilisha makali ya skili zako, chora mstari chini ya ukurasa na uanze hesabu upya. Namba za juu ya mstari zimekuwa za mchezo mwingine.